Kukopa sura, kukopa akili

Mwaka 2007, kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa Ghedi kaskazini mwa Italia, Lamborghini ilipewa njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita tatu ili gari lake jipya, Reventón, lishindane na ndege ya kivita aina ya Tornado. Gari lilichomoka kwanza. Likaongoza sehemu kubwa ya njia huku ndege ikiwa bado inakusanya nguvu, na kwenye mita za mwisho kabisa Tornado ikalifikia, ikalipita, ikainua pua na kwenda zake angani. Dereva wa Reventón akakanyaga breki, maana lami ilikuwa inaisha.

Picha za siku ile bado zinazunguka kwa wapenzi wa magari, na kila zinapotua mabishano huanza upya. Kuna wanaosema Reventón ndilo lililorudisha uthubutu kwenye usanifu wa magari, na kwamba gari la aina hii lisiposhtua watu halina haja ya kuwepo. Kuna wanaoliona kama mwanasesere wa mtoto wa kiume aliyepanuliwa: kona nyingi, matundu mengi, kelele tupu. Na kuna wazee wa Miura, lile gari la Lamborghini la miaka ya 1960, wanaoamini uzuri wa gari uliisha siku wasanifu walipoacha mistari ya mviringo. Nimekaa kwenye mabishano haya kwa miaka, nimehama kambi zaidi ya mara moja, na naona tunagombania swali lisilotufikisha mbali. Tunaulizana kama gari ni zuri au baya. Siku hizi mimi nauliza limekopa nini kwa ndege: sura yake, au akili iliyoizaa ile sura.

Reventón lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt, Septemba 2007. Yalitengenezwa 20 ya kuuza na moja la makumbusho ya kampuni, kila moja kwa euro milioni moja kabla ya kodi. Lamborghini ilisema wazi kwamba wasanifu wake walitazama ndege za kivita, na F-22 Raptor ya Marekani ndiyo iliyotajwa zaidi. Chini ya bodi mpya ya nyuzi za kaboni kulikuwa na Murciélago LP640, gari la Lamborghini lililokuwa tayari sokoni, na injini yake ile ile ya silinda 12 na lita 6.5, iliyopandishwa kutoka nguvu za farasi 640 hadi 650. Wapinzani wanashika hapo hapo. Wanasema mteja alilipa nyongeza yote ile kwa ajili ya nguo tu.

Kulipia nguo hakunisumbui. Mtu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hulipia mlango uliochongwa wakati mbao tupu zingemfungia nyumba vizuri tu. Na ule mlango wenyewe una jambo la kutufundisha hapa. Ile misumari mikubwa ya shaba yenye ncha, inasimuliwa, asili yake ni India, ambako ilipigiliwa ili tembo wa vita wasisukume lango kwa vichwa vyao. Zanzibar hapajawahi kuwa na tembo wa vita. Misumari ilivuka bahari bila adui yake, ikabaki pambo, na leo hakuna anayethubutu kusema mlango ule ni wa uongo. Kwa hiyo silaha inaweza kugeuka pambo na likapendeza. Nakubali hilo moja kwa moja, na ndilo linalonifanya nilitazame Reventón kwa subira zaidi ya wale wanaolicheka.

Ila fundi wa mlango huipanga misumari kwa mstari, kwa vipimo, kwa kujua ubao unaipokeaje. Reventón, kwa jicho langu, limekopa bila kusoma.

Chukua zile bapa zake, nyuso nyoofu zinazokutana kwa kona kali. Watu husema hiyo ndiyo sura ya ndege zisizoonekana na rada, na ni kweli, ila ni sura ya ndege moja ya zamani, F-117. Miaka ya 1970 watu wa Lockheed, kampuni ya ndege ya Marekani, walikuwa na mtaalamu wa hisabati, Denys Overholser, aliyechukua kanuni za mwanasayansi wa Kisovyeti, Pyotr Ufimtsev, zilizochapishwa 1962, zinazoeleza jinsi mawimbi yanavyorudi yakigonga kingo za kitu. Kwa kanuni zile unaweza kukokotoa rada itaona nini. Tatizo lilikuwa kompyuta. Za wakati ule hazikuweza kukokotoa mwangwi wa rada kwenye uso uliopinda. Ziliweza bapa tu. Basi ndege ikajengwa kwa bapa. Waliokuwa wakishughulika na mwendo wa hewa hawakuipenda hata kidogo, kwa sababu ndege ya namna ile haitulii angani. Rubani peke yake asingeimudu. Kompyuta ndizo zilizokuwa zikirekebisha usukani kila wakati ili isianguke.

F-117 ilipaa mara ya kwanza 1981 na ikaonyeshwa hadharani 1988. Kufikia wakati huo kompyuta zilishakua, na B-2, ndege ya kudondosha mabomu iliyopaa 1989, ina mwili uliopinda kila mahali. F-22 yenyewe, iliyopaa 1997, ina migongo laini. Siri yake kubwa iko kwenye kingo: ukingo wa bawa na ukingo wa mkia umelazwa sambamba ili mwangwi urudi kwenye pande chache tu, na hata milango midogo ya tumboni imekatwa meno ya msumeno kwa sababu hiyo hiyo. Sasa tazama gari linalosema limetokana na F-22. Limevaa bapa za F-117. Bapa zile zilikuwa alama ya mahali ambapo kompyuta ilishindwa, na walioziunda waliziacha mara tu walipoweza. Ni kama kumpenda mwalimu ukaiga kuchechemea kwake.

Kuna na suala la rangi, na hapa naomba niseme kama mtu wa kazi. Kabla sijaanza kuandika nilifanya kazi ya rangi kwenye gereji moja Sharjah, na mpaka leo mkono wangu unaujua mkunjo wa bodi kuliko jicho. Rangi ikiwa bado majimaji huukimbia ukingo mkali. Hujivuta kwenda kwenye sehemu tambarare, kwa hiyo penye ncha ndipo inapobaki nyembamba kuliko pote. Ukipitisha mashine ya polishi pale, sponji inazunguka na uzito wote unaangukia kwenye ile ncha. Ukizubaa sekunde mbili, mstari wa praima, ile rangi ya chini, unatokeza mweupe kama mfupa. Niliwahi kuunguza ukingo wa mlango wa gari la mteja namna hiyo, saa nne ya usiku, macho yakiwa mazito, na nikakatwa mshahara wa wiki mbili. Tangu siku hiyo nilibandika tepu ya karatasi juu ya kila mkunjo kabla ya kuwasha mashine, na mkunjo wenyewe nikaumalizia kwa kitambaa, kwa vidole, taratibu.

Gari lenye mikunjo 40 ni mikunjo 40 ya namna hiyo. Reventón limelikwepa tatizo kwa kupakwa rangi isiyong'aa, kijivu chenye ukijani wa mbali, na rangi hiyo haipigwi polishi kabisa. Ukisugua, pale uliposugua panaanza kung'aa na doa haliondoki. Mkwaruzo mmoja unakulazimisha kupuliza upya bodi nzima ya upande ule. Kwenye ndege, rangi isiyong'aa ina kazi: jua lisimulike kwenye bawa likamwonyesha adui rubani alipo. Kwenye gari inafanya kinyume chake. Panga magari 30 yanayong'aa mbele ya hoteli, weka moja lisilong'aa katikati, na macho yote yataenda kwa hilo moja.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kuna kitu kimoja Reventón lilikikopa vizuri: dashibodi. Badala ya saa za mishale, dereva aliwekewa vioo vya kidijitali ndani ya kipande cha alumini, na kimojawapo kinaonyesha kwa kidoa kinachotembea jinsi mwili unavyovutwa kwenye kona na kwenye breki. Rubani anahitaji kujua hilo, na dereva anayekimbia anahitaji pia. Miaka minne baadaye Aventador, gari jingine la Lamborghini, ilichukua wazo la dashibodi ya kidijitali, na sasa hata gari la familia linakuja na kioo badala ya mishale. Aventador iliwekewa pia kitufe cha kuwashia kilichofunikwa kwa kifuniko chekundu cha kufunuliwa, kama cha kuachia bomu, na hicho sikipendi. Yaliuzwa zaidi ya 11,000, na kila asubuhi watu hao wote wanafunua kifuniko cha bomu ili waende ofisini.

Watetezi hunijibu kwamba magari ya kasi yamekuwa yakiiga ndege tangu zamani. Ni kweli, na historia ile ndiyo inayonipa kipimo. Kati ya 1953 na 1955 karakana ya Bertone ya Turin ilitengeneza magari matatu ya maonyesho kwa ajili ya Alfa Romeo, yaliyoitwa BAT 5, BAT 7 na BAT 9. Mchoraji alikuwa Franco Scaglione, mtu aliyewahi kusomea uhandisi wa ndege. Ukiyaona kwa mara ya kwanza utadhani ni mzaha: mapezi marefu ya nyuma yamejikunja kwenda ndani kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua, magurudumu yamefunikwa, pua imetanuka kama samaki anayevuta pumzi. Lakini kila mkunjo una kazi. Mapezi yanaishika hewa isijisokote nyuma ya gari, maana hewa inayojisokota ndiyo inayolivuta gari nyuma. Kipimo cha ukinzani wa hewa cha BAT 7 kilikuwa 0.19. Magari mengi yanayouzwa leo, miaka 70 baadaye, hayajakifikia. Kwa injini ya Alfa 1900 yenye nguvu za farasi takriban 100, yalikaribia kilomita 200 kwa saa.

Miaka hiyo hiyo Detroit walikuwa na njia yao. Harley Earl wa General Motors aliwapeleka wasanifu wake kuitazama ndege ya P-38 yenye mikia miwili, na kutoka kwenye mikia ile yakazaliwa mapezi ya Cadillac ya 1948, yaliyozidi kukua mpaka yakawa marefu kama visu mwaka 1959. Akatengeneza pia Firebird, gari la maonyesho lenye umbo la ndege ya kivita na injini ya tabini ya gesi, ya jamii ya injini za jeti. Yalipendwa sana, na mapezi ya Cadillac hayakuwahi kushika hewa yoyote. Miaka michache baadaye yalikuwa yamepotea, yakaacha kumbukumbu ya enzi na si somo la uhandisi.

Kwa hiyo mjadala wetu wa leo una umri wa Scaglione na Earl. Wote wawili walitazama ndege. Mmoja aliitazama hewa inayoizunguka.

Kwa wale wazee wa Miura nina jina moja: Marcello Gandini. Yeye ndiye aliyechora Miura ya 1966, lile gari ambalo kila mtu hulitaja anapotaka kusema mistari mikali imeharibu magari. Na ni yeye, akiwa Bertone, aliyechora Carabo mwaka 1968, Lancia Stratos Zero mwaka 1970 na Countach ya Lamborghini mwaka 1971, magari yaliyoleta umbo la kabari na mistari iliyonyooka kama iliyokatwa kwa rula. Alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 85. Mkono uliochora viuno vya Miura uliviacha kwa hiari, na ulikuwa na sababu. Pua ya Miura kwenye kasi kubwa ilikuwa inataka kuinuka. Kabari inaikandamiza.

Milango ya Countach inayofunguka kwenda juu huhesabiwa kuwa maonyesho matupu. Keti ndani yake halafu jaribu kurudi nyuma. Gari ni pana, mlango wa kawaida ungegonga kila kitu kwenye maegesho, na kioo cha nyuma hakikuonyeshi chochote cha maana. Wanaolijua huinua mlango, hukaa juu ya kizingiti kipana na mwili ukiwa nusu nje, hugeuza shingo, na ndipo hurudi nyuma. Mlango ule unamfaa dereva aliyekwama kuliko unavyomfaa mpiga picha.

Na sababu ya kuikandamiza pua si ya vitabuni. Hapa ndipo naona hatari kwenye kuipenda sura ya ndege bila kufikiri. Ndege imeumbwa iondoke ardhini. Gari limeumbwa libaki. Juni 1999, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Mercedes-Benz walipeleka magari ya CLR, mafupi kwa kimo, marefu, laini. La Mark Webber lilipaa likapinduka kwenye majaribio. Likatengenezwa, likapaa tena asubuhi ya mashindano. Kisha mashindano yenyewe yakiendelea, gari la Peter Dumbreck lilipanda mwinuko mdogo likiwa nyuma ya gari jingine, hewa ikaingia chini ya pua, na gari zima likanyanyuka, likajizungusha angani na kuangukia ng'ambo ya uzio, kwenye miti. Dumbreck alitoka hai. Mercedes walilitoa gari lililobaki na kufunga virago. Atakayetaka kulisifia gari kwamba linaonekana kama linataka kuruka, aitazame picha ile kwanza.

Yale mabaki ya kweli ya ndege ndani ya magari mara nyingi hayaonekani. Breki zinazozuia tairi kujifunga zilianza kwenye magurudumu ya ndege, kwa kifaa cha Dunlop kilichoitwa Maxaret, kabla hazijaingia kwenye gari la barabarani. Mwaka 1977 Lotus waligeuza bawa juu chini na kulificha tumboni mwa gari lao la Formula 1, na magari yakaanza kung'ang'ania lami kwa nguvu ambayo hakuna aliyeizoea. Mwaka 1981 McLaren walipeleka michoro ya gari lao hadi Utah, Marekani, kwa kampuni ya Hercules iliyokuwa ikifanya kazi za anga, ili wajengewe kiini cha nyuzi za kaboni. Mwaka huo huo John Watson aligonga vibaya Monza, injini ikang'oka, na akatoka kwa miguu yake. Hakuna anayebandika bango la hayo ukutani. Lakini ndiyo yaliyookoa watu.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wengi hawataki kulisikia. Kati ya magari yote ya Lamborghini yaliyoiga vyombo vya kivita, lile ninaloliheshimu zaidi ndilo linalochukiwa zaidi: Egoista, lililotengenezwa 2013 kwa miaka 50 ya kampuni. Lilisimamiwa na Walter de Silva, na mfano wake ulikuwa helikopta ya Apache. Kiti ni kimoja. Kifuniko cha kioo hufunguka chote. Ili kushuka, dereva anachomoa usukani na kuuweka juu ya dashibodi, anasimama juu ya kiti, anakaa kwenye sehemu maalumu ya bodi upande wa kushoto, kisha anazungusha miguu kutoka ndani hadi nje. Lilitengenezwa moja tu, na halikuwa la kuuzwa. Liko makumbusho Sant'Agata Bolognese.

Nililiona picha zake nikachukizwa kama wengine. Linafanana na mdudu aliyekanyagwa. Nilipozidi kulitazama nikaona kwamba hapa, kwa mara moja, mtu amekopa kitu kizima. Amechukua upweke wa rubani, ule ukweli kwamba kwenye chombo kile hakuna nafasi ya mke, rafiki wala begi, na akaufuata hadi mwisho, mpaka kwenye namna ya kushuka. Jina lenyewe, kwa Kiitaliano, maana yake ni mbinafsi, na gari halikuogopa kuwa hivyo. Reventón lina kiti cha abiria, na kiyoyozi, na sura ya vita. Egoista lina wazo.

Huku Ghuba, ambako Waswahili wengi tunafanya kazi na tunayaona magari haya barabarani kila wiki, tulipata jaribio letu. Mwaka 2013 maonyesho ya magari ya Dubai yalitupa Devel Sixteen: nyuma yake duara mbili kubwa kama midomo ya injini za ndege, na ahadi ya injini ya silinda 16, nguvu za farasi 5,000 na kilomita 560 kwa saa. Injini ilijengwa kweli, huko Michigan, na ilipopimwa mezani ilivuka farasi 4,500. Kasi ile haijathibitishwa. Niliwaona vijana wamejipanga kupiga nalo picha, na siwalaumu, lilikuwa linavutia. Ila gari lililoahidi kasi ya ndege kwa kubandika matako ya ndege limebaki kwenye ahadi.

Lipo jambo jingine ambalo kwenye mabishano haya halisemwi kabisa. Hizi tunazoziita sura za kuvutia ni sura za vyombo vya kuua watu. Lamborghini kwa muda mrefu yalipewa majina ya fahali wa kupigana, na Reventón pia ni jina la fahali, yule aliyemuua mpiganaji Félix Guzmán mwaka 1943. Kutoka kwa fahali hadi ndege ya kivita kuna hatua, na sidhani ni hatua ndogo. Mtu aliyekulia mashariki ya Kongo, anayejua kutofautisha mlio wa ndege ya abiria na ule wa ndege ya jeshi kabla hajafumbua macho, hawezi kuitazama ile pua yenye kona kwa moyo mwepesi kama mtu wa Frankfurt. Sisemi msanifu aache. Nasema ajue anachokishika, kwa sababu F-22 haikuchorwa ipendeze, na uzuri tunaouona ndani yake umetokana na uzito wa kazi yake mbaya. Ukiuondoa uzito huo ukabakiza mikunjo, unachobaki nacho ni kinyago.

Wasanifu wenyewe hujitetea kwamba gari la maonyesho si la kuendeshwa, hivyo lisidaiwe sababu. Kuna ukweli humo. Kanuni namba 26 ya Umoja wa Mataifa inataka sehemu ngumu zinazotokeza nje ya gari ziwe na ncha iliyoviringwa kwa nusukipenyo kisichopungua milimita 2.5, ili mtu akiguswa asikatwe. Gari la jukwaani halibanwi na hilo, na ndiyo maana likija barabarani huonekana kama limenenepa kidogo. Ila uhuru wa jukwaani ni wa kujaribu wazo. Ukitumiwa kunolea kona tu, umetumika vibaya, na kuna gari linalonionyesha ulivyoweza kutumika.

Stratos Zero ya Gandini ilikuwa na kimo cha sentimita 84. Meza ya kulia chakula inakaribia kimo hicho. Hakukuwa na mlango: kioo cha mbele kiliinuka, na dereva alipanda juu ya pua akaingia kama anavyoingia rubani. Mwaka 1970 watu waliliona Turin wakasema hili si gari. Nuccio Bertone aliliendesha barabarani hadi kwa wenyewe Lancia, na inasimuliwa kwamba alipita chini ya kizuizi cha getini bila kizuizi kuinuliwa. Lancia hawakucheka. Walimwomba awachoree gari la mashindano, na kutoka kwenye mkono ule ule ikatoka Stratos HF, fupi, pana, ikibeba nyuma ya dereva injini ya Ferrari Dino ya silinda sita. Ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za rally kwa kampuni mwaka 1974, 1975 na 1976.

Pasaka ya 1975 Stratos ilikuja Kenya, Safari Rally. Hebu fikiria: gari lililoanzia kwenye ndoto ya sentimita 84, sasa limeinuliwa, limefungwa vyuma vya kukinga pua na taa za ziada, linapita kwenye udongo mwekundu na madimbwi ambayo hayajui Turin iko wapi. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu. Aliyewashinda ni Ove Andersson kwa Peugeot 504, Pijo ile ile iliyobeba abiria, magunia na mabwana harusi Afrika Mashariki nzima, na ambayo bodi yake ilichorwa na Pininfarina, majirani wa Bertone. Wapenda kabari huudhika na matokeo yale. Mimi yananipa raha. Umbo lililoonekana wazimu jukwaani lilipelekwa mahali pagumu kuliko pote, likasimama na Pijo mpaka mwisho.

Na ukiikaribia Stratos HF, ukainamia ndani, utaona walichokileta kutoka kwa rubani. Kioo cha mbele ni kipande cha silinda, kimezunguka mpaka pembeni kwa mviringo mmoja usiobadilika, ili dereva aone kona kabla hajaifikia na kioo kisimpindishie barabara. Na ndani ya kila mlango kuna mfuko mpana, mpana kuliko inavyohitajika kwa ramani au chupa ya maji, kwa sababu mtu mmoja pale Turin alikaa akafikiri dereva na mwenzake wakifika mwisho wa hatua wamechoka, wamelowa jasho, vile vichwa viwili vikivuliwa kofia ngumu, hizo kofia wataziweka wapi.